Mrembo wangu wa laki saba kumbe wa bucha, kizee wa mama ndiye mwenye mimba!

HAYA msomaji wangu, wiki hii tuachane kidogo na mambo ya mapenzi, mitindo ya nywele na nani kaonekana ufukweni na nani. Wiki hii nina kisa cha ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe, hao hao unaowafahamu kwa jina la mishikaki pale kona ya mtaani kwenu. Usigeuze ukurasa! Kisa chenyewe kimenila mkwanja, kimenigombanisha na mjomba, na nusura kimlize mama yangu mbele za watu.

Mimi ni mtoto wa Kongwa, mkoa wa Dodoma, ingawa pale kijiweni Buguruni wakiniita "Mgogo" huwa najifanya sisikii. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017, matokeo tuyaweke pembeni, nikaja Dar kutafuta maisha. Asubuhi nauza mitumba, jioni naandika vikolamu kama hiki. Kule kijijini mama hana ng'ombe mia kama wengi wenu mnavyodhani kila Mgogo anao. Ana kizizi cha watano, sita, mwaka ukiwa mzuri saba. Na katika hao alikuwapo jike mmoja mweusi mwenye baka jeupe tumboni, jina lake Sikujua.

Sikujua alizaliwa 2010, mwaka wa uchaguzi, ndiyo maana mama hasahau. Alizaa mara ya kwanza mwaka 2014, mimi nikiwa naingia kidato cha kwanza. Baada ya hapo akazaa 2015, 2017, 2019, 2021 na 2022. Jumla ndama sita. Yule wa kwanza, dume, aliuzwa mwaka 2017, hela ikamaliza michango yangu ya shule na nauli ya kuja huku mjini. Wa pili alikuwa jike, akafa na ndigana kali hata miezi mitano hajatimiza. Wa tatu, dume, ndiye bati za nyumba ya mama. Wa nne, dume tena, aliuzwa bibi alipolazwa. Wa tano ndiye mtamba aliyepo nyumbani mpaka leo, na wa sita dume.

Kwa hiyo nikisema huyu ng'ombe ndiye aliyenisomesha sitanii. Wapo watu wana baba mdogo yuko bandarini, sisi tulikuwa na Sikujua.

Sasa mwaka 2021 mimi nikapata vijisenti. Mitumba ilikuwa inatoka, nikasema ngoja na mimi niwe na ng'ombe wangu kabla sijafikisha miaka ishirini na tano. Mwezi Mei nikaenda kwenye mnada mmoja, jina lake nalimezea, nikakutana na jamaa ana mtamba! We acha tu. Rangi ya kahawia inang'aa, nundu imesimama, mgongo umenyooka kama meza, macho yamezungushwa wanja. Meno mawili tu ya kikubwa, maana yake kama miaka miwili hivi. Jamaa akaniambia, "Bwana mdogo, huyu ukimpeleka nyumbani mwaka wa keshokutwa unakunywa maziwa." Sikuuliza mama yake yuko wapi. Sikumwangalia chuchu wala nyuma, kusema kweli niliona haya, watu wengi na mimi nimevaa raba nyeupe. Nikapiga naye picha tatu, nikatoa laki saba, nikampa jina la Malkia.

Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Malkia ananenepa tu. Mama akawa ananipoza kwa simu, "Subiri mwanangu, ng'ombe wa kwetu huchelewa." Na ni kweli huchelewa. Hawa wa asili wenye nundu, ambao ndio wengi kabisa hapa nchini, wakiwa katika malisho ya kubahatisha mara nyingi huzaa kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka minne hivi. Kwa hiyo nikasubiri, huku natuma shilingi elfu kumi kila mwezi ya josho, dawa na kijana wa kuchunga.

Mwezi Septemba 2024 mjomba akapiga simu. Mjomba wangu akipiga simu ujue kuna soo. Hakuzunguka: "Kiangazi kimekuwa kikali, majani hakuna. Yule kizee wa mama yako amechoka, meno kwisha, tangu 2022 hajazaa. Dalali anatoa laki tatu na nusu. Mama yako hataki. Njoo uzungumze naye, wewe ndiye anayekusikiliza."

Nikapanda treni ya SGR mpaka Dodoma mjini. Kijiografia ni ujinga mtupu, maana Kongwa unaipita ndipo urudi nyuma kwa basi, lakini na mimi nilitaka nikapige picha kwenye treni ya umeme. Jioni nikafika. "Mbukwa!" huku na huku, shikamoo zikaisha, ugali wa uwele ukaliwa, kesho yake asubuhi tukaenda zizini.

Hapo ndipo nilipopata shule ambayo sikuipata darasani.

Mjomba alimshika Sikujua pua, akamfungua mdomo kama daktari wa meno pale hospitali. Huenda hukuwahi kujua kwamba ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu. Chini ndiko kwenye meno manane ya mbele. Ndama anaanza na ya utoto, kisha ya kikubwa yanaota mawili mawili: jozi ya kwanza akikaribia miaka miwili, ya pili katikati ya mwaka wa tatu, ya tatu miaka mitatu na kitu, na mdomo unajaa akiwa na miaka minne, minne na nusu. Wa asili huweza kuchelewa zaidi. Baada ya hapo meno hayaongezeki, yanalika tu. Kila mwaka wa kung'oa majani mafupi yenye mchanga ni kama unayapiga msasa.

Ya Sikujua yalikuwa vibutu. Mawili hayapo kabisa, yaliyobaki yameachana kama nguzo za uzio uliozeeka. Mjomba akanihesabia na mapete ya pembeni: "Kila akizaa katika shida, pembe inaweka pete. Ona, sita." Siyo hesabu ya kuapia mahakamani, maana njaa kali nayo huacha pete, lakini safari hii ililingana na ndama wa mama.

"Sasa mjomba," nikamwuliza, "ng'ombe anazeeka lini hasa?"

Akacheka. "Ng'ombe hazeeki kwa miaka. Anazeeka kwa mdomo, kwa miguu na kwa kiwele."

Na hili nililifuatilia baadaye nikaona mzee hakukosea. Kwa kuishi tu, ng'ombe anaweza kuishi miaka mingi sana. Kule Ireland alikuwapo mmoja aliyeitwa Big Bertha, alizaliwa mwaka 1945 akafa siku ya mwisho ya mwaka 1993, akikaribia kutimiza miaka 49, na alizaa ndama 39! Aliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa yote mawili. Lakini huyo ni mmoja katika dunia nzima. Kwa mfugaji wa nyama swali siyo ng'ombe ataishi mpaka lini, swali ni atazaa mpaka lini. Maana jike wa nyama kazi yake ni moja tu, kuleta ndama na kumlea akue. Wa maziwa asipozaa mwaka huu unaweza kuendelea kumkamua kidogo kidogo. Wa nyama asipozaa umefuga mpangaji asiyelipa kodi.

Wamarekani katika hili hawana huruma. Mtamba wao wa nyama anatakiwa azae akiwa na miaka miwili. Kisha kila mwaka kabla ya baridi majike wanapimwa mimba, na anayekutwa mtupu mara nyingi hupandishwa gari kwenda mnadani, hata kama bado kijana na anapendeza. Hawawezi kumlisha majani ya kununua msimu mzima wa theluji halafu asilete kitu. Kukutwa mtupu ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowatoa majike zizini kule, pamoja na uzee na meno kuisha. Miguu, kiwele na ukorofi wa tabia hufuata.

Sisi huku hatupimi, tunakisia. Na ndivyo ilivyotaka kutokea kwetu, maana siku ile mjomba alishakuja na kamba. Sikujua kafungwa shingo, kijana wa kuswaga kasimama mlangoni, mama yuko pembeni kashika kanga mdomoni, hasemi kitu. Mimi mwenyewe, nakiri, nilikuwa upande wa mjomba. Nilishapiga hesabu: kizee akiuzwa, majani kidogo yaliyobaki atakula Malkia wangu.

Ndipo mama akasema taratibu, "Sawa mtoeni. Lakini kwanza mleteni yule binti wa mifugo ampime."

Mjomba akaangua kicheko. "Kizee huyu umpime mimba? Si bora unipime mimi!"

Lakini mama ni mama. Binti mwenyewe, mtaalamu wa mifugo wa kata, alikuwa kijiji cha jirani siku hiyo. Akaja na pikipiki, dada wa makamo yangu tu, kavaa buti na koti la bluu. Elfu kumi kwa kila ng'ombe. Nikamwambia kwa madaha, "Anza na huyu bibi, kisha umwangalie na mrembo wangu, tujue atazaa lini." Akavaa glovu ndefu mpaka begani. Wasomaji wenye roho nyepesi ruka mistari miwili: mkono wote unaingia kwa nyuma, na kupitia ukuta wa utumbo anapapasa kizazi.

Akakaa kimya kama dakika moja. Kisha akasema, "Huyu ana mimba. Miezi mitano hivi."

Zizi lote likanyamaza. Mjomba akaangalia kamba mkononi kama vile siyo yake. Mama akageuka akaenda jikoni, na mimi najua alikokwenda siyo kuangalia chungu.

Basi nikasema kama bibi ana mimba, Malkia si atakuwa na mapacha! Dada akaingia upande wa Malkia. Akatoa mkono haraka. Akaangalia nyuma, akaangalia chuchu, vidogo kama vya ndama. Akaingiza kijiti maalumu mbele, hakikwenda mbali. Akaniuliza, "Ulimnunua akiwa na mwenzake?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Huyu nadhani alizaliwa pacha na dume."

Hiki kitu sikuwahi kukisikia maishani. Kumbe ng'ombe akizaa mapacha, mmoja dume mmoja jike, mara nyingi damu zao zinachanganyika tumboni kwa sababu makondo yao ya nyuma yanaungana. Vile vya kiume vinamharibu dada mtu kabla hajazaliwa: kizazi hakikamiliki, ovari hazifanyi kazi. Zaidi ya tisa katika kila kumi ya majike wa namna hiyo ni tasa moja kwa moja, siyo wa kutibu, siyo wa kusubiri. Kaka mtu mara nyingi hana shida. Dada wa mifugo akasema hawezi kuapa kwa kuwa hakuwapo alipozaliwa, lakini dalili zote zilikuwa pale, na kizazi cha kushika mimba hakikuwapo.

Nikamwuliza, mbona kanawiri hivi? Akanijibu bila huruma: "Atakondaje? Hajabeba mimba hata siku moja. Hajanyonyesha. Kila anachokula ni chake."

Msomaji, hapo ndipo nilipojua nimeingizwa mjini, tena nikiwa kijijini. Yule aliyeniuzia inawezekana naye hakujua, na inawezekana alijua vizuri sana. Mtamba wa hivyo ni nyama nzuri, hana kosa. Kosa ni kumwuza kama mama.

Tulikaa chini ya mbuyu na yule dada mpaka jua likapinda. Nilikuwa na maswali mengi na yeye alikuwa na chai. Nikamwambia hesabu ya Sikujua, akachukua kijiti akaandika mchangani. Jike wa kwetu anaanza kuzaa na miaka minne, halafu anazaa kila baada ya miaka miwili. Mpaka afike kumi na miwili, umri ambao wengi meno yanawaaga, kazaa mara tano. Mmoja atakufa na kupe au kuhara. Wamebaki wanne, wawili madume. Katika majike wawili mmoja anachukua nafasi ya mama. Kwa hiyo kazi ya maisha yake yote imekuletea faida ya ndama watatu. Sasa chukua yule yule, mlishe, mkinge, aanze kuzaa na miaka mitatu na awe anazaa kila miezi kumi na mitano. Kufika miaka kumi na miwili kashazaa mara nane.

"Watu wanataka ng'ombe aishi zaidi," alisema. "Mimi nataka aanze mapema na asipumzike sana katikati. Miaka anayopoteza mwanzoni ni sawa sawa na ile anayoipoteza kwa uzee, ila ile ya mwanzoni hakuna anayeililia."

Lakini mapema nako kuna mwisho. Alinisimulia habari ya mtamba mmoja mdogo wa asili aliyepandwa na dume kubwa la kisasa kabla hajakomaa, ndama akakwama, mama na mtoto wakafa usiku huo huo. Ndiyo maana wataalamu hawaangalii miaka, wanaangalia uzito: mtamba afikie kama asilimia 60 hadi 65 ya uzito atakaokuwa nao akiwa mtu mzima. Na dume lisiwe kubwa kupindukia kwa yule anayezaa mara ya kwanza.

Kinachowachelewesha katikati je? Njaa, kwanza njaa, halafu njaa. Ng'ombe aliyezaa akiwa mbavu nje, mwili wake unafunga duka. Anatakiwa arudi kwenye joto na kupandwa mapema, lakini hana akiba, na ndama anamnyonya mchana na usiku, basi miezi inapita. Joto lenyewe huja kila wiki tatu na halikai hata siku nzima. Hawa wenye nundu hawana makelele, wengine linakuja usiku na kuondoka kabla hujaamka. Kule Dodoma mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Anayezaa mvua zikianza ana majani mbele yake. Anayezaa Julai anaingia kiangazi na mtoto mgongoni.

Kisha kuna magonjwa. Ndigana kali inabeba ndama, na ndama akifa mwaka mzima wa mama yake umekwenda na maji. Ugonjwa wa kutupa mimba wao ni mchawi kabisa: jike anaonekana mzima, mimba inaanguka mwezi wa saba, unasema bahati mbaya, kumbe anawagawia wenzake. Chanjo yake hupewa mitamba wakiwa bado wadogo. Na tafadhali usishike kitu kilichoanguka kwa mikono mitupu wala usinywe maziwa mabichi, ugonjwa huo binadamu anaupata pia, homa yake inazunguka miezi.

Na dume! Hapa dada alitikisa kichwa kweli kweli. Jike asiposhika mimba analaumiwa yeye, anaitwa majina yote, anauzwa. Hakuna anayeuliza kama dume ni zima. Dume moja lenye afya linatosha majike ishirini, ishirini na tano. Dume moja linalokohoa la kuazima kijiji kizima, na mbegu zake hazijawahi kuangaliwa na mtu, hilo halisemwi. (Kina dada mnaosoma hapa najua mnatabasamu.)

Miguu nayo usiidharau. Kiangazi maji yako mbali, ng'ombe anatembea kilomita kumi na zaidi kwenye changarawe. Anayechechemea anachelewa kufika malishoni, anakula mabaki, anakonda, hashiki mimba. Kiwele kikining'inia mpaka magotini, chuchu nene kama chupa ya soda, ndama mchanga hawezi kuzitia mdomoni. Kila kitu kinarudi kwenye kile kile, ndama yuko wapi?

Kongwa wenyewe tungetakiwa kuwa maprofesa wa mambo haya. Pale ndipo Waingereza walipoanzisha ule mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta kwa meli, ardhi ikawashinda, mvua ikawashinda, kufika 1951 wakaukatia tamaa. Palipobaki pakawa ranchi, na mpaka leo Ranchi ya Kongwa iko chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, na Borani wake ni ng'ombe wa kutazama. Karanga ziligoma, ng'ombe wakakubali. Borani asili yake ni kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, akaendelezwa Kenya na wenye ranchi. Ana umbo la nyama, anavumilia jua, na anasifika kwa kulea ndama. Watu wa nundu kwa ujumla hudumu kuliko wale wa Ulaya wakiletwa kwenye jua letu na kupe wetu. Lakini hata Borani ukimpa kiangazi bila majani, atakuonyesha mbavu tu kama Sikujua.

Kesho yake Jumamosi nikampeleka Malkia mnada wa Msalato. Ukifika Dodoma siku ya Jumamosi nenda hata kama hununui kitu, nyama choma peke yake inakuondolea mawazo. Kwa kuwa alikuwa na mafuta, wachinjaji walimgombania. Laki tisa. Usinipongeze. Nilinunua laki saba, nikatuma elfu kumi kwa miezi arobaini, hiyo ni milioni moja na laki moja. Nimekula hasara laki mbili, na nilikula na mishikaki pale pale kwa hasira.

Nikabaki na laki tisa mfukoni na kizee mwenye mimba zizini. Mama hakunidai kitu, ila nilijua. Ile siku ya kamba nilisimama upande gani, aliniona. Kabla ya kurudi Dar nilinunua magunia ya pumba na mashudu ya alizeti, ambayo kule hayana shida kupatikana, mama akaweka majani ya karanga ya majirani. Asiye na meno hawezi kushindana malishoni, lakini ukimletea kilicho laini atakula kama kijana. Mjomba akawa anapita kila jioni kumwangalia, anajifanya anatafuta jembe lake.

Mwishoni mwa Januari 2025 mama alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Jike! Mweusi, baka tumboni. Mvua zilikuwa zimeshika, majani mpaka magotini.

Hata hivyo msomaji usidhani Sikujua yupo mpaka leo. Mama mwenyewe ndiye aliyesema basi. Alisema mwaka mmoja wa bahati haufanyi meno yaote. Mwezi Mei ndama akatenganishwa, akawekwa kwenye pumba na maziwa ya jirani. Kizee akalishwa mwezi mmoja na nusu bila kunyonywa, akiwa amefungiwa mbali na dume. Mwanzoni mwa Julai 2025, kiangazi hakijamla, tukampeleka Msalato, mimi na mjomba. Laki sita na nusu. Kumbuka Septemba dalali alitaka kutoa tatu na nusu, tena na ndama tumboni! Mama hakuja mnadani. Alimvua njuga shingoni alfajiri, akaitundika kwenye msumari wa mlangoni, akaingia ndani.

Pale Dar nakaa karibu na machinjio ya Vingunguti, na malori ya kwenda mnada wa Pugu huwa nayaona. Tangu siku hiyo lori la ng'ombe likipita nawaangalia wa kike. Wengine ni vizee, wamemaliza kazi yao, ndiyo ile nyama inayokushinda kutafuna Ijumaa usiku ukadhani mpishi ndiye mbaya. Lakini wengine ni wabichi kabisa, na machinjioni si ajabu kumkuta jike ana mimba ambayo mwenyewe hakuijua. Elfu kumi ya kupima ilikuwa ghali.

Siku ile ile ya Julai hela ya Malkia ikaniwasha. Nikamwambia mjomba tusirudi mikono mitupu. Tukapata mtamba wa meno manne, siyo mzuri sana wa sura, pembe moja imekwenda kivyake. Safari hii raba nyeupe niliziacha nyumbani. Nikafungua mdomo nikahesabu. Nikashika kwato moja moja. Nikainama nikaangalia chuchu zote nne, nikazunguka nyuma nikainua mkia nikaangalia vizuri bila aibu. Nikataka nionyeshwe mama yake, akaletwa, ana ndama ubavuni. Nikauliza kama alizaliwa peke yake au pacha.

Dalali akashindwa kuvumilia. "We bwana mdogo, unanunua ng'ombe au unaoa?"

Mjomba akadakia kabla sijafungua mdomo, "Mwache aangalie. Wa kwanza alimwonea haya."